"Finya Kitufe Chochote" Si Ruhusa

Wacha niseme mapema, na mkitaka kuninunia ninunieni: ule mstari wa "finya kitufe chochote kuendelea" mnaoweka kwenye skripti zenu za bash ni uongo. Unakaa kama swali lakini hauulizi mtu kitu. Na siku skripti yako itakuwa inafuta folda ya mtu mwingine, hiyo tofauti ndiyo itaamua kama unaenda nyumbani saa kumi na moja ama unakesha ukitafuta bekapu.

Najua mliutoa wapi. Video ya sekunde 60, mdundo nyuma, msee anaandika `read -n 1`, anafinya kitufe, inafanya, video imeisha. Hakuna mahali ameeleza hiyo amri inasikiliza nini haswa. Na wengi wenu mnajifunzia Termux kwa simu, bandoli ya siku moja, kwa hivyo mnakopi mnabandika mnasonga. Sawa, lakini basi tuelezane ukweli.

Kibodi haiongei na skripti yako. Katikati kuna teminali, na teminali haipeleki vitufe, inapeleka baiti. Hii ni tabia iliyorithiwa kutoka kwa mashine za teletaipu, ndiyo maana Linux mpaka leo inaita hiyo kitu tty. Ukifinya Shift peke yake, skripti haisikii chochote. Ukiachilia kitufe, haisikii. Ctrl pamoja na I inafika ikiwa Tab, baiti ileile, namba 9. Na mshale wa juu, manze, huo kwa kawaida unafika ukiwa baiti tatu: Escape, mabano ya mraba, halafu herufi A. `read -n 1` inachukua Escape peke yake. Zile mbili zinabaki kwa foleni zikingoja swali lako linalofuata. Mtu amegusa mshale mara moja, skripti yako imehesabu majibu matatu.

Na foleni ndiyo mahali watu wanaumia. Fikiria skripti inanakili mafaili dakika tatu, kimya, hakuna kitu kinaonekana. Wewe hufanya nini? Unafinya Enter. Unafinya tena. Sisi wote tuko hivyo, tunadhani imekwama. Zile Enter hazipotei, zinakaa hapo zikingoja. Swali la "nifute za zamani?" likitokea, jibu lilishafika kitambo. Mwenye mashine hata hajaliona hilo swali. Ukitaka kuwa muungwana, safisha foleni kabla ya kuuliza:

`while read -r -s -n 1 -t 0.01; do :; done`

(Kwa Mac usishangae ikikataa. Bash inayokuja nayo ni 3.2, ya 2006, na hiyo haijui sekunde zenye desimali.)

Sasa ile inaniudhi kuliko zote. Kuna watu wanaandika skripti ya bash halafu wanakwambia uiendeshe kwa `sh`. Kwa Ubuntu, `sh` si bash, ni dash, na dash haina `-n` kwa read. Itafanya nini? Italalamika mstari mmoja kwamba haitambui hiyo, halafu ITAENDELEA na mstari unaofuata. Kama mstari unaofuata ni `rm -rf`, pole. Swali limekufa na ufutaji umepita. Ni vile vile ukiiweka kwa cron usiku: hakuna mtu, hakuna kibodi, read inarudi mikono mitupu na skripti inaendelea kana kwamba umekubali.

Na wale wa `curl` na bomba kuingia `bash`, msijifiche, nawaona. Hapo read inasoma kutoka kwa bomba, yaani inasoma skripti yenyewe. Inameza herufi ya kwanza ya mstari unaofuata na kuiita jibu. Tena maandishi ya `-p` hayaonyeshwi kama upande wa pili si teminali, kwa hivyo mtu haoni hata kwamba ameulizwa. Ukiweka read ndani ya mzunguko unaosoma orodha ya mafaili, ni ugonjwa uleule: jibu linatoka kwa jina la faili linalofuata.

Dawa ni mstari mmoja, na hakuna kisingizio cha kuuacha:

`IFS= read -r -s -n 1 jibu < /dev/tty || exit 1`

`/dev/tty` inasema nataka mtu, sitaki bomba. `|| exit 1` inasema nisipompata mtu, nasimama. `IFS=` ni ya spesi, kwa sababu bila hiyo spesi inanyolewa na unabaki na jibu tupu, sawasawa na aliyefinya Enter. Kidole gumba kimeteleza, folda imeenda.

Halafu hii ya "y/n". Umeandika ujumbe kwa Kiswahili, poa sana, halafu unangoja herufi n. Hiyo n ni ndiyo ama ni no? Mimi naulizwa kwa Kiswahili, najibu kwa Kiswahili. Kwa kitu kinachofuta, achana kabisa na herufi moja. Mwambie aandike jina la folda lote. Ukituma pesa kwa M-Pesa unaulizwa PIN, huambiwi ufinye chochote kile kidole kitaangukia. Na hiyo inaweza kuwa mia mbili ya mboga tu.

Kuna buda ataruka hapa aseme basi nitumie programu inayosoma `/dev/input` moja kwa moja, hiyo inashika kila kitufe, hata kuachilia. Ni kweli inashika. Inashika pia neno la siri la benki mtu akiliandika kwa dirisha lingine, na ndiyo maana kwa kawaida inataka ruhusa za root. Skripti ya kupanga picha inayodai root ili isikie kitufe kimoja, mimi siiendeshi. Na ukimwekea mtu hiyo kitu bila yeye kujua, Kenya tuko na sheria ya makosa ya kompyuta ya 2018, na kunasa data ya mtu kisiri iko ndani. "Nilikuwa nafanya majaribio" jaribu kumwambia hakimu.

Mtasema ati ni skripti ndogo tu, mistari kumi, ya kutumia peke yangu. Skripti ya kutumia peke yako huwa inakaa peke yako wiki moja. Ya pili umeituma kwa grupu la WhatsApp la darasa, na mtu ambaye hajui tty ni nini ameiendesha kwa lapi ya mamake.