Ufizi Uliotoa Usaha na Binti Asiyekuwa na Kosa

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Juma hili tunaiweka kando mada ya mirathi, nayo tutairudia inshaallah, kwa kuwa lipo deni shingoni mwetu ambalo hatupendi lilale.

Baada ya darsa ya akina mama alitujia mama mmoja na bintiye wa miaka 19, aliyekwisha kuposwa. Binti alikuwa na kijipu cha ufizi nyuma ya jino la juu la mbele, lile la pembeni linalopakana na chonge. Kijipu hutumbuka, kikatoa usaha, kikatulia, kisha baada ya wiki chache kikarejea. Kinywa kilikuwa na harufu, na maneno yalikwisha kufika upande wa kiumeni kwamba msichana hajui kujisafisha. Nasi, badala ya kuuliza, tulitoa mawaidha. Tulimkumbusha fadhila za mswaki, tukamwelekeza maji ya chumvi. Binti aliinamisha kichwa, hakujibu neno. Siku za baadaye ndipo mamake alipotueleza kwamba mtoto huyo hupiga mswaki kila wakati wa swala, hata ufizi umeanza kuchubuka kwa kusuguliwa.

Alhamdulillahi, shangazi yake hakutosheka na mawaidha yetu. Alimpeleka kwa daktari wa meno. Daktari alichukua kijichuma chembamba chenye alama za milimita, akapima pengo lililo baina ya jino na ufizi, kuzunguka jino zima. Ufizi wenye afya hupimika milimita 1 hadi 3, na jino la binti lilikuwa hivyo karibu kila upande. Alipofika mahali pamoja upande wa nyuma, kijichuma kilizama ghafla hadi milimita 8. Maradhi ya ufizi yatokanayo na ukoga kwa kawaida hayaji hivyo. Hayo huenea kwa meno mengi. Shimo jembamba lenye kina, mahali pamoja tu, katika kinywa kilicho safi, humfanya tabibu ashuku umbile la jino lenyewe. Eksirei ilionyesha mstari mweusi unaoandamana na mzizi, na mfupa uliolika kando yake.

Kumbe jino lilikuwa na mfereji. Huanzia katika kishimo kidogo mgongoni mwa jino, ukavuka shingo yake na kuingia ndani ya ufizi kufuata mzizi. Meno hayo mawili ya juu ya pembeni ndiyo yanayopatwa zaidi na hali hii. Ufizi hushikana na mzizi kwa nyuzi nyembamba, na mahali penye mfereji nyuzi hizo hazipati pa kushika. Vijidudu hupita humo kama maji ya mvua katika mlizamu, na hakuna unywele wa mswaki unaofika. Mabaharia wetu wanalijua hili: utafua maji ngamani usiku kucha, lakini ufa usipotiwa kalafati maji yatarudi.

Tena jino hilo huanza kujengwa ndani ya taya mtoto akiwa na miezi 10 hadi 12, angali ananyonya, nalo huchomoza akiwa na miaka 8 au 9. Mfereji hutokea pale umbo la jino linapojikunja wakati wa kujengwa. Basi tulikuwa tunamlaumu binti kwa jambo lililoanza kabla hajajua kushika mswaki!

Kabla ya kutibu, daktari aliligusisha jino kitu cha baridi kuona kama mshipa wa ndani ungali hai. Hatua hii isipuuzwe. Mshipa ukiwa umekufa, ni lazima kwanza mzizi usafishwe kwa ndani na kuzibwa, la sivyo kutibu ufizi peke yake ni kazi bure. Wa binti ulikuwa hai. Akapigwa sindano ya ganzi, ufizi ukafunuliwa, mzizi ukasafishwa, mfereji ukalainishwa na kuzibwa kwa saruji ya meno, kisha ufizi ukashonwa. Mfereji mfupi wakati mwingine hutosha kusuguliwa mpaka ukatoweka. Ule uliofika ncha ya mzizi ni mgumu sana, na pengine jino hung'olewa.

Yapo maumbile mengine ya jamii hii. Magego huweza kuota kijitone cha enameli, mfano wa lulu, pale mizizi inapogawanyika, na ufizi haushikani na enameli. Meno mawili huweza kuungana. Jino la ziada huweza kuchomoza katikati ya yale mawili makubwa ya juu, likabana wenzake na kuhifadhi ukoga. Mzazi aonapo umbo asilolizoea, amwonyeshe tabibu mapema. Asimwonyeshe mganga wa ramli. Wazee wa pwani walimwita kigego mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, wakamdhania nuhusi, na Mtume (S.A.W.) amekwisha kutukataza kuamini nuhusi.

Mama wa binti aliuliza kama kulichonga jino si kubadili umbile la Mwenyezi Mungu. Lililolaaniwa katika Hadithi ni kuchonga meno kwa ajili ya urembo, na Imam Nawawi ameeleza kwamba kwa tiba au kasoro hapana ubaya. Swahaba Arfaja (R.A.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, akavaa pua ya fedha ikanuka, na Mtume (S.A.W.) akamwamuru avae ya dhahabu, ijapokuwa dhahabu ni haramu kwa wanaume. Ikiwa tabibu ni mwanamume na wa kike hapatikani, dharura inajulikana; mama au maharimu na akae naye chumbani. Ama damu ya ufizi, katika madhehebu yetu ya Shafii haitangui udhu, lakini ni najisi, basi kinywa kisukutuliwe kabla ya swala.

Tulikwenda nyumbani kwao tukamtaka radhi binti mbele ya mamake, naye akatusamehe kwa adabu iliyotuaibisha zaidi. Ufizi umefunga, harufu haipo, na atarejea kupigwa eksirei nyingine ili mfupa utazamwe. Kwa wakwe tumekwenda wenyewe, tukawaeleza kama tulivyoeleza hapa. Mama mkwe alisikiliza, akasema atazungumza na nduguze. Jawabu bado hatujalipata.

Wabillahi tawfiq.