Tusisubiri Dalili: Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya

Mheshimiwa Waziri,

Naomba jambo moja: bima ya afya ilipie vipimo vya watu wasioumwa. Nisikilize kwanza.

Nina ugonjwa wa kurithi uitwao Von Hippel-Lindau, kwa kifupi VHL. Hukadiriwa kumpata mtoto mmoja kati ya 36,000. Uvimbe huota kwenye retina, ubongo, uti wa mgongo na tezi zilizo juu ya figo. Figo zenyewe huota vifuko vya maji, pamoja na uvimbe unaoweza kuwa saratani.

Hauponi, ila una ratiba. Macho huchunguzwa kila mwaka tangu utotoni, maana uvimbe mdogo wa retina huchomwa kwa leza. Ukiachwa ukakua, unaweza kupofusha. Homoni za tezi hupimwa, hasa kabla ya upasuaji au kujifungua, presha isije ikapanda ghafla mtu akafia mezani. Figo nazo hupigwa picha mara kwa mara. Uvimbe wa sentimita moja au mbili hufuatiliwa tu. Ukifika tatu, daktari huutoa na kuibakiza figo. Anayesubiri mpaka akojoe damu huenda ameshachelewa.

Sasa njoo dirishani kwenye bima. Binti mmoja mpole aliigeuza fomu yangu ya MRI mbele na nyuma, akaniuliza, "Mama, kwani unaumwa wapi?" Siumwi. Fomu ikarudi, maana sehemu ya dalili ilikuwa tupu. Simlaumu, hiyo fomu haikumwachia nafasi.

Hospitali ya Muhimbili imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, na tunajivunia. Lakini aliyechelewa hadi akapoteza figo zote, akikosa wa kumpa, kwa kawaida husafishwa damu mara tatu kwa wiki, maisha yake yote. Gharama hiyo bima inaielewa. Ya picha ya kuizuia haiielewi.

Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 tunayo. Kwenye kitita cha mafao, aliyethibitika kuwa na VHL apewe kibali cha vipimo cha mwaka mzima, asiulizwe dalili. Watoto wake nao wapimwe vinasaba. Kila mmoja ana nafasi nusu kwa nusu ya kurithi. Asiyerithi anaachana na ratiba hii moja kwa moja, na bima inapumua. Wanangu wawili hawajapimwa, kwa hiyo kwa daktari wa macho nawapeleka wote.