Baraza zuri, lakini lina kiingilio

Mwandishi, umelisifu baraza la Grand Hotel pale Mackinac, Marekani, na kweli linastahili: urefu wa mita 200 hivi, viti vyeupe vya bembea, Ziwa Huron mbele yako. Ila hukutuambia ni nani waliojenga hoteli hiyo. Ni kampuni mbili za reli na moja ya meli, mwaka 1887, zikitafuta abiria wa kiangazi. Biashara tupu! Kijiji cha hapo kilipiga marufuku magari mwaka 1898, ndiyo maana hadi leo mizigo huvutwa na farasi (na mavi yao barabarani, tuseme ukweli). Jioni, mwanamume bila koti haingii kula katika ukumbi mkuu wa hoteli. Asiyelala hapo hulipia hata kukanyaga baraza. Anayepanga safari asiende Januari, hoteli hufungwa.