Ndege ya Dawa Inapozimika Angani

Mkulima wa mpunga wa Mbarali akishindwa na kweleakwelea, mfanyakazi wa Temeke au Kinondoni huilipa hasara hiyo dukani, siku anaponunua kilo yake ya mchele. Ndege mmoja wa jamii hiyo hula nafaka gramu 10 hivi kwa siku. Kundi la milioni moja, nalo si kundi la ajabu, laweza kumaliza tani 10 kabla jua halijachwa. Kelele na madebe ya watoto haviwezi kulishinda jeshi la namna hiyo. Basi ndege wa manyoya hupigwa kwa ndege ya chuma: lugha yetu imewapa jina moja, ingawa mmoja kati yao haharibikiwi na injini.

Mkataba wa Shirika la Kupambana na Nzige wa Jangwani Afrika ya Mashariki ulitiwa sahihi Addis Ababa mwaka 1962, na ndege zake zimetumika hata juu ya kweleakwelea. Kwa miaka mingi shirika hilo lilirusha ndege aina ya Beaver, ambazo kiwanda chake huko Kanada kiliacha kuziunda mwaka 1967. Zilikuwa hodari, lakini injini yake ilihitaji petroli ya ndege, nayo ni adimu katika Afrika, kwa sababu ndege kubwa hutumia mafuta yaliyo ya jamii ya mafuta ya taa. Petroli hiyo haina budi kuchukuliwa kwa mapipa mpaka viwanja vya porini.

Hapo ndipo shari inapoanzia. Pipa likiachwa wima, maji ya mvua hutuama juu ya kifuniko chake. Usiku, petroli inapopoa na kunywea, pipa huyavuta maji hayo ndani. Asubuhi mtu mwenye haraka huyamimina pamoja na petroli bila kuchuja, na injini huja kuzimika wakati ndege imekwisha kuondoka ardhini. Mwingine hukosea pipa, akaitilia injini ya petroli mafuta yasiyo yake. Vumbi nalo huziba chujio la hewa. Na hewa yenye unyevu, hata siku ya joto, yaweza kugandisha barafu ndani ya kabureta. Barafu katika nchi ya jua!

Rubani wa ndege kubwa injini ikimzimikia ana nafasi ya kufikiri. Rubani wa dawa huruka chini, amebeba mzigo mzito, na kweleakwelea hunyunyiziwa magharibi wanaporudi malaloni, yaani wakati nuru inapokwisha. Kanuni yake ni ngumu: aimwage dawa ili ndege iwe nyepesi, ainamishe pua asije akapoteza mwendo, kisha atue mbele yake palipo na nafasi. Akijaribu kugeuka arudi uwanjani, mara nyingi hufa katika kona hiyo.

Tena liko jambo linalotuhusu sisi tulio chini. Ndege ikianguka, watu hukimbilia. Tarehe 10 Agosti 1969 haihusiki hapa. Tunakumbuka tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la petroli lilipopinduka, watu wakaenda kuchota, na zaidi ya 100 wakateketea. Ndege ya dawa ina petroli, na pamoja nayo ina sumu ipenyayo katika ngozi. Aliye karibu amtoe rubani, avue nguo zilizolowa dawa, anawe, na awazuie watoto. Na kweleakwelea waliokufa kwa dawa wasiokotwe kwa kitoweo.

Wengi husema injini imezimika kwa kudra. Sisi hatukubali. Mengi ya hayo tuliyoyataja yamo mikononi mwa mchukuzi wa mapipa na fundi, watu ambao majina yao hayatangazwi. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji kilichopo Mabibo hufundisha mafundi wa ndege, na vijana wa mitaa yetu wanaweza kukifikia kwa daladala. Lakini fundi aliyefundishwa vema, akipelekwa porini bila chujio, bila vipuri, na chini ya mkubwa anayemwambia afanye haraka kwa kuwa jua linakuchwa, atafanya nini? Apewe kwa maandishi haki ya kuizuia ndege isiruke, na mkubwa huyo asiwe na uwezo wa kumwadhibu kwa kuitumia.