Watumishi na Mji wa Bariadi

Twaomba nafasi tuseme neno juu ya mji tunaokaa, maana jambo hili hunong'onwa maofisini kila siku, wala hatujaona mtu akiliandika.

Tangu Mkoa wa Simiyu ulipoanzishwa mwaka 2012, na Bariadi kuwa makao yake makuu, watumishi wengi wameletwa hapa kutoka kila pembe ya nchi. Hesabu ya watu ya mwaka huo ilionyesha ya kuwa mkoa una watu 1,584,157. Mwaka 2022 walikuwa 2,140,497. Mji nao umekua mbele ya macho yetu. Walakini baadhi ya wenzetu hukaa humu kama abiria walalao usiku mmoja. Ijumaa jioni hupanda basi la Mwanza kwa njia ya Lamadi, na Jumatatu hurudi wakinung'unika juu ya vumbi, mitaro iliyoziba na takataka za sokoni. Mkutano wa mtaa ukiitwa, hawaonekani.

Husema, "Sisi si wenyeji, kesho twahamishwa." Hoja hiyo haina nguvu. Katika mkutano mkuu wa mtaa haulizwi mtu kabila lake wala mahali alipozaliwa. Kila mkazi aliyetimiza miaka 18 ana haki ya kuhudhuria na kusema. Na karani akihamishwa kesho, mtaro aliosaidia kuupigania utamfaa yule ajaye kushika kalamu yake.

Tuwakumbuke waliotutangulia. Mwaka 1922, mjini Tanga, Martin Kayamba na wenzake walianzisha chama cha Waafrika watumishi wa serikali. Walikuwa watu wa makabila na dini mbalimbali, waliokutanishwa na kazi. Mwaka 1929 kikaanzishwa Chama cha Waafrika huko Dar es Salaam, na katika chama hicho ikatoka TANU mwaka 1954. Kama makarani wale wangalisema, "Sisi twapita tu," tungalirithi nini kwao?

Tena Wasukuma wanaotuzunguka ni waalimu wetu katika jambo hili. Tangu zamani vijana wa kijiji walilima pamoja chini ya kiongozi wao, nsumba ntale, na aliyekosa bila sababu alitozwa faini. Mavuno yakiisha, Wagika na Wagalu hushindana kwa ngoma, na watu hutoka mbali kuwatazama. Wachezao ndio waliolima. Je, mtumishi asiyefika ngomani hata mara moja, wala hajui kuitikia "mwangaluka," atamsikilizaje mkulima wa pamba asimamaye mbele ya meza yake? Mzee hurudishwa mara tatu kwa karatasi moja, si kwamba karatasi ina kasoro, bali hakuna aliyejitaabisha kumfahamu. Nauli yake imekwisha, siku zake za kupalilia zimepotea, na serikali yote huonekana kwake kuwa mlango uliofungwa. Hiyo ndiyo hasara ya kukaa katika mji bila kuwa mtu wa mji.

Kwa hiyo twatoa mashauri matatu. Kwanza, kila mwanachama ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa wake, ahudhurie mikutano, na akiombwa asaidie kuandika kumbukumbu zake, maana kuandika ndiyo kazi tuijuayo. Pili, mgeni ajifunze salamu za Kisukuma na maneno ya kumwongoza mtu ofisini. Wenzetu Wasukuma wasione taabu kumfundisha. Tatu, walau Jumamosi moja kila mwezi tubaki mjini, tushirikiane na majirani katika usafi wa soko na mitaro, kisha jioni twende penye ngoma au mpira pamoja nao.

Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wengi wetu tumekaa Bariadi miaka, si siku. Tulishike jembe.