Daftari la Wiki: Zulia Linalobebeka

Mharibifu mkuu wa mazulia hapa Kalemng'orok, Turkana, si paka. Ni mbuzi. Vitoto vya mbuzi huachwa nyumbani mama zao wakienda malishoni, na jua likishapanda hutafuta kivuli, na kivuli kizuri kiko sebuleni. Huanza na matamvua, kisha hushika uzi mmoja, na uzi huo huwakokota wenzake. Mbwa mdogo hupenda kutafuna pembe za zulia. Paka akikuta mlango umefungwa hukwaruza hapohapo kwenye kizingiti mpaka afunguliwe. Kabla ya kumwita fundi, basi, tazama tundu liko wapi, kwani mahali pake panamtaja mkosaji. Asipowekewa kizuizi, kiraka cha leo kitakuwa chakula chake kesho.

*

Kazi ya kutengeneza zulia huku humwangukia fundi viatu, kwa kuwa msharasi na uzi wa nailoni anavyo tayari. Mmoja wa Lodwar nilimsikia akimtuliza mteja: "Mama, uzi huu ukiukata, umepona. Ukiuvuta, utafumua sebule nzima."

Hiyo ndiyo kanuni ya kwanza: uzi uliochomoka hukatwa kwa mkasi, usawa wa wenzake. Pembe iliyotafunwa hunyooshwa kwa kisu kikali, huvalishwa utepe wa kitambaa kigumu, kisha hupigwa mshono wa kuzungusha. Tundu la katikati linahitaji kiraka. Kata kipande cha mraba mahali palipofichwa na kabati, na tundu lenyewe ulikate kwa kipimo hichohicho. Bandika kipande cha turubai kwa chini, paka gundi, weka kiraka. Lakini kwanza pitisha kiganja: manyoya ya kiraka yalale upande uleule yalikolala ya zulia. Yakipingana, mgeni ataona kiraka kabla hajaketi.

*

Mkojo ni kesi nyingine. Wa paka ukikauka huacha chembe za asidi ya yuriki ambazo maji na sabuni haviziondoi sawasawa. Unyevu ukirudi, harufu nayo hurudi, ndiyo maana nyumba iliyokuwa haina neno huanza kunuka siku ya mvua. Ukiuwahi ukiwa mbichi, kandamiza kwa kitambaa kikavu bila kusugua, halafu tumia siki iliyozimuliwa kwa maji. Maji ya moto yaache. Na dawa ya klorini ya kung'arishia nguo isikaribie kabisa, kwani ikikutana na amonia ya mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, na nyumba zetu tumezifunga madirisha kwa sababu ya vumbi.

*

Lipo jambo zito kuliko harufu. Turkana imewahi kuhesabiwa miongoni mwa sehemu zenye wagonjwa wengi zaidi duniani wa hidatidi, uvimbe wa maji unaoota kwenye ini au mapafu. Chanzo chake ni tegu mdogo wa mbwa. Mbwa hula maini ya mbuzi yenye uvimbe, tegu hukua utumboni mwake, na mayai hutoka pamoja na kinyesi. Mtoto anayetambaa huyaokota zuliani kwa kiganja na kuyapeleka mdomoni. Shirika la afya la AMREF lilianza mpango wa kuudhibiti ugonjwa huu Turkana mwaka 1983.

Watafiti walioyachunguza mayai hayo hukuhuku Turkana waliona kwamba juani hufa upesi, lakini ndani ya kibanda huishi muda mrefu zaidi. Sabuni haiyaui, joto na ukavu ndivyo adui zake. Mwenye mbwa na mtoto mchanga ampe mbwa dawa ya minyoo, afukie matumbo ya mbuzi aliyechinjwa, na alitoe zulia nje lipigwe na jua.

*

Ushauri huo haumfai aliyebandika zulia kwenye saruji, ukuta kwa ukuta. Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos mjini Muscat, uliofunguliwa mwaka 2001, una zulia moja la tani 21 ambalo wafumaji 600 wa Iran walilifanyia kazi miaka 4. Zulia hilo halina haja ya kutoka, maana mbuzi hawaingii. Nyumba ya kupanga Lodwar haina ulinzi wa namna hiyo.

*

Tandiko linalobebeka kwa urahisi ni mkeka. Kando ya mto Turkwel mikoma inastawi, na wanawake wa Kiturkana husuka vikapu na mikeka kwa majani yake. Pwani nako miaa ya mkoma husukwa ukili, na kili zikashonwa ubavu kwa ubavu mpaka mkeka ukakamilika. Panya akitoboa, fundi hufumua ukili ulioharibika na kushona mwingine. Mkeka wa plastiki wa madukani Kakuma hauna faida hiyo, lakini huoshwa kwa ndoo moja na hukauka mara moja, jambo ambalo si dogo mahali ambapo maji huchotwa kwa foleni.

*

Dukani watakuonyesha rangi, watakubonyezea unene. Wewe uliza kama watu wawili wanaweza kulikunja zulia na kulibeba mpaka uani. Kama hawawezi, na nyumbani una mnyama, mwachie muuzaji zulia lake.