Hao "Wenyeji" Wasemao ni Nani?

Katika maandishi yetu juu ya kale ya pwani yupo mtu mmoja aliyesema mengi kuliko mwandishi yeyote, naye hajapata kutajwa kwa jina. Kwenye vitabu huitwa "wenyeji wasema". Mara nyengine huitwa "inasemekana", na mwandishi akizidi ukarimu humwita "mzee mmoja". Dai langu ni jepesi kulieleza na zito kulitekeleza: mtu huyo amedhulumiwa, na waliomdhulumu si wageni peke yao. Nasi tumo, tena safu ya mbele.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe, asije mtu akanikumbusha kuwa nyani haoni kundule.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwa muda niliishi ugenini Chake Chake. Asubuhi moja nilishika njia ya Pujini, mwendo wa kama kilomita kumi kusini-mashariki ya mji, kuyaangalia magofu ya ngome ya Mkama Ndume. Karibu na hapo alikuwako mzee amekaa kivulini akisuka dema. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, na alipousikia ulimi wangu akacheka, akasema, "Mwanangu, wewe wa Mvita." Akaliweka dema chini. Hakunyamaza tena mpaka ilipoadhiniwa adhuhuri.

Alianza na jamaa zake wavuvi waliohamia Shimoni na Vanga, akaja kwenye mikarafuu, akanikumbusha kuwa Mkama Ndume hakuijua karafuu, kwani zao hilo limekuja visiwani katika karne ya 19. Kisha akainuka, akanitembeza ngomeni, huku nikimsomea yaliyomo kitabuni nilichokuwa nacho.

Nikamsomea ile habari mashuhuri ya Mkama Ndume kuwalazimisha watu kuyabeba mawe ya ngome huku wakijikokota kwa makalio. Akatikisa kichwa. "Kitako cha mtu hakihimili safari hiyo," akasema. "Hayo ni maneno ya watu walioelemewa. Aliyetumikishwa hakwambii nilibeba, hukwambia nilijikokota." Nikamsomea habari ya kisima kilichotiwa ukuta kati ili wake wawili wa mfalme wasikutane. Akauliza ni lini niliona Mpemba akigombea maji, na mvua yote hii. Akasema kuwa hadithi ya wake wenza huwapendeza wageni, ndiyo maana imeandikwa kwa wino mwingi.

Tukafika kwenye ngazi iteremkayo chini ya ardhi, kwenye chumba ambacho ukutani mwake imefinyangwa sura ya siwa kwa lipu. Hapo ndipo aliponishangaza. Msomaji wa pwani hahitaji kuambiwa siwa ni nini: ni baragumu la enzi, ambalo miji kama Pate na Lamu iliyahifadhi ya kwake kama hazina, na halipulizwi ila panapokuwa na jambo kubwa. Mzee akaniuliza: mfalme anayetaka kuogopwa huliweka wapi baragumu lake? Nikajibu, hadharani. "Na huyu kaliweka chini ya ardhi," akasema. "Basi juu aliogopwa, lakini huku chini kuna aliyemwogopa yeye."

Sisemi kuwa alipatia. Huenda mwanachuoni wa mambo ya kale akawa na jawabu jengine. Nasema kuwa hiyo ni fikra, tena fikra nzito, na ilikuwa na mwenyewe. Alikuwa akiisoma hadithi ya Mkama Ndume kama sisi tusomavyo shairi, akitenganisha neno na fumbo lililomo ndani ya neno. Nami niliyaandika yote katika daftari langu, na baadaye nikayasema mbele ya hadhara ya wapenzi wa fasihi, nikatanguliza maneno haya: "Mzee mmoja wa Pujini aliniambia." Nikapigiwa makofi. Kijana mmoja akanyosha mkono akauliza, "Mzee gani?"

Sikuwa na jawabu. Nilikuwa nimemuuliza habari za mfalme wa karne ya 15, nisimuulize jina lake yeye. Niliporudi Pujini baada ya miaka miwili kivuli kilikuwa kitupu. Nikauliza. Wakaniambia wazee wa hapa ni wengi, nimtafutaye ana sifa gani? Nikasema, anasema sana. Wakacheka: "Wote wanasema sana."

Hilo ndilo kosa langu. Sasa natazama la wenzangu.

Mwaka 1913 Kapteni Craster alichapisha kitabu juu ya Pemba. Mwaka 1920 Meja Pearce, aliyekuwa Resident wa Kiingereza Zanzibar tangu 1914 hadi 1922, akachapisha chake, na ndani yake magofu ya Pemba, Pujini ikiwemo, yamepewa nafasi kubwa. Tangu hapo, mwanafunzi wetu anayeandika juu ya Mkama Ndume huanza hivi: "Kwa mujibu wa Pearce." Lakini Pearce hakuzaliwa Pujini wala hakumwona Mkama Ndume. Aliyoyaandika juu ya jeuri ya mfalme huyo aliambiwa; na waliomwambia walikuwa na majina, na baba, na vitongoji. Tunaposema "kwa mujibu wa Pearce" tunamnukuu msikilizaji tukamwacha msemaji. Ni sawa na mtu aliyekula pilau harusini, kisha akamsifu aliyeishika sinia.

Pearce alikuwa mtawala, na mtawala hana dasturi ya kuwataja watawaliwa. Sisi udhuru wetu ni upi? Ukanda huu wa pwani umelelewa katika elimu isiyokubali neno lisilo na njia. Mtoto wa chuoni hufundishwa kuwa hadithi ina isnadi: fulani kapokea kwa fulani, naye kwa fulani. Akiwemo katika mnyororo mpokezi asiyejulikana, mnyororo hudhoofika. Hiyo ndiyo mizani ya wazee wetu. Leo tunaitumia msikitini, tukivuka kizingiti tunaiacha pamoja na makubadhi.

Nao ushairi, wapenzi wake mnajua zaidi yangu. Beti ya mwisho ina kazi yake: hapo mshairi hujitaja jina, na pengine mji wake, ili atakayelipokea shairi ajue deni ni la nani. Kamange na Sarahani ni malenga wa Pemba, na leo tunawajua kwa majina kwa sababu walikuwepo waliozihifadhi tungo zao na habari zao, hata mwaka 2011 zikapigwa chapa katika kitabu kilichohaririwa na Abdilatif Abdalla. Hakuna katika sisi anayethubutu kuichukua beti ya Kamange akaandika chini yake "wenyeji wasema". Angeitwa mwizi. Basi kwa nini aliyetunga kwa vina awe na jina, na aliyefikiri kwa maneno ya kawaida, kivulini, mikono ikisuka dema, asiwe nalo? Nadhani jawabu ni chungu: tunamwona mlumbi mmoja kuwa ni malenga, na mlumbi mwengine kuwa ni mtu wa domo tu.

Najua nitakayojibiwa. Kwanza, kwamba hadithi za kale ni mali ya wote, na kumtaja mtu mmoja ni kumpa kisichokuwa chake. La hasha. Isnadi haimfanyi mpokezi kuwa mtunzi. Inasema tu kuwa neno hili limepita kwake. Tena mzee wangu hakurudia ya wote. Aliyapinga. Mwenye kuyapinga ya wote ana haki zaidi ya kutajwa.

Pili, kwamba wengine hawapendi kutajwa. Kweli, na haki yao iheshimiwe. Lakini anayefichwa kwa ombi lake amestahiwa, na anayefichwa kwa sababu hakuulizwa amepuuzwa. Mimi sikumsitiri yule mzee, nilimsahau.

Tatu, kwamba siku hizi tunao wachimbuzi. Kweli, na tunawashukuru. Adria LaViolette na wenzake wamechimba Pujini, na kazi yao imetupa tarehe tulizokuwa hatunazo. Lakini jembe la mchimbuzi hutwambia ukuta umejengwa lini. Halitwambii watu walioishi kando ya ukuta huo, kizazi baada ya kizazi, waliufikiria vipi. Hilo limo vinywani, na kinywa hakichimbwi mara mwenyewe akishazikwa.

Wala tusiseme kuwa hatukujua thamani yake. Zanzibar iliwahi kuwa makao ya kituo kizima cha mapokeo simulizi, EACROTANAL. Elimu ya kufanya kazi hii tulikuwa nayo nyumbani. Tulichopungukiwa ni adabu ya kila siku, ile isiyohitaji kituo wala fedha.

Na asidhani mtu kuwa huu ni ugomvi wa wenye kalamu. Wapemba wavuvi, jamaa za yule mzee, wamekaa pwani ya Kenya vizazi kadhaa, na kwa miaka yote hiyo waliulizwa karatasi wasizokuwa nazo. Mtu alijua babu yake kafika lini na kajenga wapi. Lakini maneno yake yalikuwa "wasema" tu, hayakuwa ushahidi. Serikali ya Kenya imewatambua kuwa jamii ya nchi hiyo mwaka 2023. Waliotangulia kufa hawakuiona siku hiyo. Aliyezoea kudharau neno la mtu asiyeandikwa hatajua pa kukomea: ataanza na hadithi ya ngome, atamalizia na uraia.

Basi nawaombeni, nyinyi mnaoandika katika kurasa kama hizi, na nyinyi walimu mnaowatuma wanafunzi vijijini. Kabla hamjamuuliza mtu habari za Mkama Ndume, muulizeni yeye ni nani, mwana wa nani, wa kitongoji gani, na aliyasikia kwa nani. Andikeni na siku. Maneno matano hayajazi ukurasa. Na wahariri wetu, wakiletewa makala yenye "inasemekana", wairudishe kwa mwenyewe wakiandika pembeni lile suali la yule kijana: mzee gani?

Mimi nimeulizwa, na mpaka leo sina la kujibu.